Wote Sawa, Afande

Paa! Mguu mmoja wa kila mtu, watu thelathini kwa mpigo, ukitua juu ya changarawe. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza anayoikumbuka Acan maishani mwake, kabla ya jina la mtu yeyote, kabla hata ya wimbo wa mama yake. Alikuwa amelala kwenye mkeka nje ya nyumba yao katika kambi ya jeshi ya Kasese, jua likianza kuchoma mabati, na upande wa pili wa ukuta baba yake, Sajini Ojara, alikuwa amesimamisha kikosi. Kisha kimya. Hata kuku waliacha kuchakura.

Kambini walikaa watu wa kila pembe ya Uganda: Waacholi kama wao, Wateso, Walugbara, Wanyankole, na Waganda wachache walionung'unikia chakula. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake nyuma ya pazia, lakini uani lugha ilikuwa moja, Kiswahili cha jeshi, nacho ni Kiswahili kisichopoteza muda. Hakina tafadhali. Kina njoo, enda, leta, simama, kaa chini. Mama aliyeishiwa chumvi alisema, "Leta chumvi!" na jirani akaileta akicheka, kwa sababu kesho naye angesema, "Leta kiberiti!" Acan alipokuwa na miaka sita aliwapanga bata wa jirani mstari mmoja, akawakagua. Wawili, anavyosimulia, walikuwa na nidhamu. Wa tatu alifaa kufunguliwa mashtaka.

Na lilikuwapo jibu moja la maswali yote. Ukiulizwa hali, unajibu, "Sawa, afande." Umekula? Sawa, afande. Baba yako amepelekwa mbali na hakuna ajuaye atarudi lini, mko vipi nyumbani? Sawa, afande. Mtoto wa kambi akiwa na malaria, meno yanagongana mdomoni, atakwambia yuko sawa. Kwake huo si uongo. Ni adabu.

Asubuhi za baada ya mvua, mawingu yalipoinuka, mlima ulijitokeza magharibi ya kambi, na juu kabisa ya mlima palikuwa na kitu cheupe. Huku chini watu wamevua mashati kwa joto, ng'ombe wamejificha vivulini, na kule juu kitu hicho kinang'aa kama jino.

"Baba, kile ni nini?" Acan aliuliza.

Sajini Ojara aliutazama mlima kama anayemtazama askari mgeni. "Mawingu yaliyokataa amri," alisema.

Acan hakuridhika. Hajawahi kuwa mtu wa kuridhika upesi.

Sajini alipostaafu hakurudi kwao Gulu. Alipata kazi ya kulinda ghala la kahawa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, akapanga vyumba viwili. Acan, wakati huo ana miaka ishirini, akapata kazi kwa Hajara, mama mwenye kibanda sokoni. Hajara aliuza kitu kimoja tu: mabuti marefu ya mpira, yale ambayo huku wote huyaita gambuti. Meusi, ya kijani, ya watoto yenye vyura usoni. Mvua za huku hazina msimu wa kupumzika, na Hajara alikuwa akisema kwamba Mungu akitaka kumtajirisha mtu humpa duka la gambuti chini ya mlima.

Siku za soko wanunuzi walivuka mpaka kwa mamia. "Mama, iko bote ya musichana?" waliuliza kwa Kiswahili chao cha Kongo, na Acan alijibu kwa sauti ya gwaride, "Iko! Lete mguu!" Wateja waliruka. Wengine walicheka, wakanunua. Wengine waliondoka bila kununua, wakitazama nyuma.

"Wewe Acan," Hajara alimwambia, "unauza viatu au unakamata wezi?"

"Nauza, mama."

"Basi uza polepole. Mteja ni kama yai."

Siku moja akaja mzee mfupi, mkavu, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi, akaagiza jozi kumi na moja kwa mkupuo. Acan alimuuliza kama ana miguu ishirini na miwili.

"Hapana," mzee alisema. "Niko na mulima. Mulima yetu inakula viatu."

Huyo alikuwa Yowasi, kiongozi mkuu katika chama cha watu wa Bugoye wanaopandisha wageni mlimani. Alizaliwa Bwera na kukulia katika biashara za mpakani, ndiyo maana Kiswahili chake kilinuka Kongo. Acan alifunga zile jozi kumi na moja kwa kamba huku akimrushia maswali: kule juu kweli ni barafu? Inauma? Mtu akitaka kuiona anafanya nini?

"Anabeba mizigo," alisema Yowasi.

"Miaka mingapi?"

"Mpaka mulima imuzoee."

Wiki iliyofuata Acan aliaga kazi. Hajara aliweka mikono kiunoni. "Mtoto wa Kiacholi! Baridi ya wenyewe Wakonzo unaitakia nini? Huko hata dua inaganda kabla ya kufika." Kisha akainama chini ya meza, akatoa gambuti za kijani, saizi ya Acan kamili, akamtupia kifuani. "Zikipasuka usirudi kunilaumu."

Alibeba mizigo miaka mitatu. Mzigo wa mlimani hubebwa mgongoni, na kamba yake hupita juu ya paji la uso, hivyo mpagazi hutembea akiinamia njia. Acan aliujua mlima kwanza kwa ardhi yake: vumbi jekundu la mashamba ya Bugoye, mizizi ya msitu, mawe ya mto Mubuku, kisha tope. Tope jeusi, la kufika magotini, linalovuta mguu kama mtoto anayemzuia mama asiondoke. Wenzake walimwita Mwanajeshi. Alijifunza Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa mlimani, akaanza kuwatukana nayo kwa ustadi, nao wakampenda.

Kilichomtofautisha ni mwito wake. Ukungu ukishuka njiani na watu wakipoteana machoni, Acan alipaza sauti, "Hali!" na kila mtu kwenye mstari akajibu, "Sawa, afande!" Mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Wapagazi walianza kwa kumdhihaki, wakaishia kuuzoea. Wageni nao waliupenda kuliko wote. Walikuja wamechoka, wamelowa, midomo ya buluu, na mwito ule uliwafanya wajione majasiri. Walirudi kwao wakawasimulia rafiki zao. Kuna waliofika Bugoye na kuuliza, kabla ya kulipa, "Yuko wapi yule dada wa Sawa Afande?"

Lakini alikuwa bado mpagazi, na yeye alitaka beji ya kuongoza. Beji ni kipande cha bati chenye jina na namba. Mwenye nayo hutangulia mbele ya wageni bila mzigo usoni, anaamua lini watu watembee na lini wapumzike, na mlima mzima unamtambua kwa jina. Hakuna mtoto wa kambi ya jeshi aliyewahi kuivaa. Mtihani wake ni mmoja: unapewa wageni halisi, unawapandisha hadi kambi ya tatu, ile iliyo chini ya barafu, unawashusha. Nyuma kabisa anafuata mzee wa chama, kimya. Hasaidii, haelekezi. Akifungua kinywa kukuelekeza hata mara moja, umeshindwa, na anayeshindwa husubiri miaka miwili.

Acan alipewa Yowasi. Wenzake walimpa pole.

Wageni wake walitoka Kampala, watatu. Ssali, mwenye duka la vipuri vya magari, mwanamume wa miaka hamsini na tumbo lililotangulia safari. Mpwa wake Nabukenya, msusi. Na Ronnie, kijana wa kazi za kompyuta, ambaye alipiga picha za kila kitu pamoja na mbuzi waliofungwa kando ya ofisi. Ssali alishuka garini Bugoye, jua la saa nne likiunguza, akiwa tayari amevaa koti nene la baridi.

"Mzee, utaiva," Acan alimwambia.

"Nimelilipia," alisema Ssali, "nalivaa."

Alipoelezwa kuhusu mwito alicheka mpaka akashika gari. "Kiswahili! Binti yangu, sisi Waganda Kiswahili tulifundishwa na vizuizi vya barabarani. Najua maneno matano. Simama! Toa! Leta! Enda! Kaa chini!" Kila neno alilisema kwa uso wa askari mwenye njaa. "Sasa leo nimepata la sita. Afande!" Akapiga saluti, kisigino kikagonga kisigino, na wapagazi wakashangilia.

Acan alimweka Ssali mbele, nyuma yake tu. Hiyo ni desturi ya mlima: aliye mzito hutangulia, wenye nguvu humfuata kwa mwendo wake. Jeshini ni kinyume, na Acan ilimchukua mwaka mzima kuizoea. Walipita kwenye mashamba ya kahawa na maharage, wanawake wakawasalimu kutoka nyuma ya vijiti vya njegere, wakaingia msituni. Kila baada ya robo saa Ssali aliomba kusimama, siyo kwa uchovu, alidai, bali kwa heshima ya mandhari. Walimkuta kinyonga wa pembe tatu juu ya tawi, akitazama huku kwa jicho moja na kule kwa jingine.

"Huyu," Ssali alinong'ona, "ni wa kodi ya mapato. Ronnie, usimpige picha, atatufuata."

Kambi ya kwanza Ssali alikula sahani mbili za matoke, akaisifu ya tatu kabla haijaletwa. Alimuuliza mpishi habari za watoto wake wote. Ilikuwa Ronnie aliyemdokeza Acan kwamba wageni wanajua. "Wapagazi wametuambia kuhusu mtihani wako, dada. Usijali. Tutakufikisha."

"Mnifikishe mimi?" Acan alicheka. "Nani anampandisha nani?"

"Afande," alisema Ssali kwa kinywa kilichojaa, "wewe hesabu una beji. Mimi nimemuuzia mtu injini bila boksi la gia, nitashindwa kilima?"

Siku ya pili walipanda mianzi, kisha mawe yenye utelezi, kisha wakaingia katika ile nchi ya miti yenye ndevu, ambako kuvumwani ndefu kama nyuzi imening'inia kwenye kila tawi na hakuna kinacholia isipokuwa maji. Mtu huzungumza kwa sauti ndogo pale bila kuambiwa. Acan alipaza mwito wake hata hivyo, maana ukungu ulikuwa umekaza.

"Hali!"

"Sawa, afande!" Nabukenya.

"Sawa, afande!" Ronnie.

"Sawa, afande!" Ssali, kwa sauti kubwa kuliko wote, ingawa alikuwa hatua mbili tu nyuma yake.

Jioni, katika kambi ya pili, alikula sahani moja. Alisema matoke ya juu hayana utamu kama ya chini, hewa imeyapunja.

Asubuhi ya tatu ilikuwa safi. Si mara nyingi mlima hujivua hivyo. Bonde lote lilionekana, na mwisho wake ukuta wa mawe, na juu ya ukuta barafu yenyewe, karibu kiasi kwamba Nabukenya alinyoosha mkono. Saa moja mpishi alimimina uji. Acan, akifunga kamba za mzigo, alimwona Ssali amesimama nyuma ya kibanda na kikombe chake mkononi. Alikuwa ameegemea ubao kwa bega. Alikinusa kikombe, akafumba macho, akaumwaga uji taratibu kwenye nyasi mbele ya kunguru wawili, kisha akapangusa kikombe ndani kwa kidole, kama mtu aliyekula akamaliza.

Acan aliinama, akaikaza tena kamba ambayo ilikuwa imeshakazwa. Kambi ya tatu ilikuwa mwendo wa saa tano hivi. Hakukuwa na wingu. Yowasi alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia kwenye nyusi, kama asiyeangalia kitu.

"Hali!" aliita Acan.

"Sawa, afande!" alijibu Ssali, na saluti juu.

Wakaondoka.

Huko juu njia inapita kwenye kinamasi kipana, na watu wa mlima wameweka mbao za kukanyagia, moja baada ya nyingine, juu ya nyasi zinazoelea. Pande zote lobelia, mimea mirefu kuliko mtu, zimesimama kama watu waliokuja kutazama arusi. Mbao zina upana wa gambuti mbili. Ssali, ambaye jana aliyavuka mawe ya mto huku akisimulia bei ya radieta, leo hakusema neno. Mara mbili mguu wake ulikosa ubao ukazama.

"Gambuti mbaya," alisema.

Mara ya tatu Ronnie alimvuta kwa koti. Nabukenya alicheka, kisha akaacha kucheka. Acan alihesabu mbao zilizobaki badala ya kuhesabu makosa. Paa la kambi ya tatu lilikuwa limeanza kuonekana mbali, nukta ya fedha chini ya ukuta.

Ilikuwa saa tano. Acan aligeuka, akaita, "Hali!"

Nabukenya akajibu. Ronnie akajibu. Ssali akasimama wima juu ya ubao, akagonganisha visigino, tope likaruka, akainua mkono kupiga saluti. Mkono ulilipita paji la uso. Ukapita sikio. Ulitua nyuma ya kichwa, juu ya kofia, na ukakaa pale, na Ssali akatabasamu kama aliyeupeleka mahali pake.

"Sawa, afande."

Ronnie aliangua kicheko. Mpagazi mmoja naye alicheka. Acan hakucheka. Alitazama nyuma ya mstari, alikokuwa Yowasi. Mzee alikuwa ameivua kofia yake. Hakuna aliyewahi kumwona Yowasi bila kofia juu ya kambi ya kwanza. Alikuwa amevuta pumzi, na mdomo wake umefunguka kidogo.

"Tunashuka," alisema Acan.

Yowasi alifumba mdomo.

"Tunashuka wapi?" Ronnie aliuliza. "Dada, kambi ni ile pale! Naona bati!"

"Na mimi naliona."

"Si tupumzike tu kidogo?" alisema Nabukenya. "Mjomba, unaumwa?"

"Niko sawa," alisema Ssali. Maneno yalimtoka yakiwa yamelowa. "Msimharibie binti beji yake. Nimesema nitamfikisha. Kichwa kinagonga kidogo tu tangu jana, kichwa ni changu. Afande, endelea. Hiyo ni... hiyo ni amri." Akapiga hatua kumpita Acan, kuelekea barafu, na hatua ile ilikwenda pembeni, hewani, juu ya maji meusi.

"Kaa chini!"

Ilikuwa sauti ya Sajini Ojara kamili, sauti ya kusimamisha kikosi, na ililigonga bonde ikarudi. Ssali, ambaye miaka thelathini alikuwa akilisikia neno hilo kwenye vizuizi, alikaa palepale juu ya ubao, mikono kichwani.

Kisha Nabukenya alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Mjomba," alisema, "shusha mikono. Hakuna atakayekupekua."

"Ugonjwa wa huku juu hautibiwi kwa dawa ya mfukoni," Acan aliwaambia, akifungua vifungo vya koti lile nene ili Ssali apumue. "Unatibiwa kwa kushuka. Sasa hivi, siyo baada ya picha." Aliwaambia wapagazi nani amshike kiwiko kipi, nani akimbie mbele kukata miti ya machela, na mzigo upi uachwe pale pale. Ronnie alitazama barafu mara moja, sekunde mbili hivi, akaweka simu mfukoni, akabeba begi la Ssali bila kuambiwa.

Walivuka tena kinamasi wakirudi, wakapita kambi ya pili bila kukaa. Kwenye mawe walimbeba kwa machela, wapagazi wanne wakipokezana. Mmoja, Sunday, aliyekuwa na bega pana kuliko wote, alilalamika njia nzima kwa Lhukonzo kwamba amewahi kubeba mabegi, mahema, na mara moja jiko la gesi, ila hajabeba duka zima la vipuri. Miti yenye ndevu, mianzi, msitu. Hewa ilinenepa. Jua likiwa bado juu ya bonde walifika kambi ya kwanza, wakamlaza Ssali kwenye kitanda cha mbao, na Acan akaketi sakafuni kando yake akihesabu pumzi zake.

Baada ya muda mrefu Ssali alifungua jicho moja, kama kinyonga.

"Matoke yapo?" aliuliza.

Nabukenya alikimbia jikoni akipiga kelele kwa mpishi. Acan alitoka nje, akaegemea ukuta. Yowasi alipita na birika la chai. Hakusema kitu siku ile, wala kesho yake, njia yote hadi Bugoye.

Ukifika Bugoye leo utamkuta Acan kwenye lango la chama, beji kifuani, namba arobaini na moja. Siku hizi ana miaka ishirini na tisa. Wageni bado wanamuulizia dada wa Sawa Afande, na wengi huondoka wameshangaa, kwa sababu mwito umebadilika. Kwenye safari zake neno sawa lina adhabu: anayelitamka huimba wimbo mzima mbele ya wapagazi, na wapagazi wa Bugoye ni waamuzi wakali wa nyimbo. Yeye huuliza umekula nini, umekojoa mara ngapi, kichwa kinagonga upande gani, na mgeni atajibu hata kama ni profesa. Ssali alirudi mwaka jana, kilo kumi zimepungua, akafika kambi ya tatu akiimba njia nzima, maana alilitamka neno sawa kwa kukusudia. Hajara humletea gambuti kwa lori la mumewe na kumpunguzia bei, kisha huipandisha tena pindi Acan anapojisifu.

Wenzake wengi wanaamini alipewa beji kwa sababu ya kugeuza safari. Yowasi anasema hapana, mtu yeyote mwenye macho angegeuza safari pale. Anasema ilikuwa mezani.

Ilikuwa hivi. Siku waliyorudi, wazee watatu wa chama waliketi ofisini, mlango wazi, na wageni wamekwenda kuoga. Wawili walikuwa wameshaamua. Kanuni ni kambi ya tatu, na huyu hakufika kambi ya tatu. Kama tukimsamehe yeye, kesho tutamsamehe kila anayeona wingu. Acan alisimama mbele yao miguu pamoja, mikono ubavuni, namna alivyolelewa kusimama. Alijua miaka miwili ni mizigo mingapi. Alikuwa ameshaanza kuyazoea maneno ambayo angemwambia baba yake.

Yowasi aliinua kidole. "Niko na swali moja," alisema. "Mutoto, ulijua saa ngapi?"

Wazee wawili walimgeukia. "Si saa tano?" alisema mmoja. "Saluti wote waliiona. Imeandikwa hapa."

"Namuuliza yeye."

Saa tano lingekuwa jibu zuri. Lingemtosha kila mtu. Limeandikwa, lina mashahidi, na hakuna mtu ofisini aliyekuwepo nyuma ya kibanda kile, isipokuwa labda mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya jiwe kama asiyeangalia kitu. Nje Ronnie alikuwa akiita mtu amletee sabuni. Acan alitazama meza, kisha akamtazama Yowasi. Miguu yake, bila yeye kuiamuru, ilikuwa imeachana.

"Saa moja, mzee," alisema, kwa sauti ndogo sana hata ikabidi wale wawili wainame kumsikia. "Nilimwona. Nikataka asiwe anaumwa."